Naomba ushauri: haibridi inakula mafuta, nianze na themostati au betri?

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kuhusu haibridi (gari la injini ya petroli na mota ya umeme) ya cc 1,500, iliyotumika, natembelea Dar. Ilikuwa inakwenda kilomita 21 kwa lita, sasa ni 13. Nimepima kwa kujaza tenki mara tatu, sikutegemea dashibodi.

Nimeshabadilisha plagi, filta ya hewa na oili (0W-20). Upepo wa matairi ni psi 33, breki hazigandi kwenye magurudumu. Feni ya betri kubwa, ile ya chini ya kiti cha nyuma, ilijaa vumbi jeusi kama pamba. Nimeisafisha, nafuu ni ndogo.

Kipimo cha OBD2 (kifaa cha kusoma kompyuta ya gari) kinaonyesha mambo mawili. Joto la maji ya injini halivuki nyuzi 65, hivyo injini haizimi hata kwenye foleni. Nahisi themostati (vali inayodhibiti joto la maji ya injini) iling'olewa, mafundi wengi huku huitoa. Pili, nikikanyaga mafuta, jozi moja ya seli za betri kubwa inashuka volti 0.9 chini ya jozi zingine. Taa ya onyo kwenye dashibodi haijawaka.

Je, themostati pekee yaweza kula mafuta kiasi hiki? Na hiyo 0.9 nibadilishe jozi hiyo, au kwanza nisafishe viunganishi vya betri hiyo vyenye kutu ya kijani?