Kontena likihama kutoka lori kwenda treni, CMR inaishia wapi?

Mpangaji
Wakuu, salaam. Mizigo yetu huvuka mipaka kwa lori chini ya CMR, mkataba wa kimataifa wa kubeba mizigo kwa barabara. Sasa mteja anataka hewa ukaa ipungue, tumemkubalia kipande kirefu cha katikati kiende kwa reli, malori yabaki na kuchukua na kufikisha tu. Bosi anasema hati ni moja, kwa hiyo CMR inatulinda mlango hadi mlango. Mimi roho haijatulia. Yuko sahihi?

MtuWaMadai
Muulize kwanza: kinachopanda treni ni nini?

Kama ni tela zima na mzigo wake, haujashushwa, kifungu cha 2 kinasema CMR inaendelea njia yote. Isipokuwa ithibitike kwamba hasara haikuletwa na mwenye lori, bali na tukio ambalo lingeweza kutokea relini tu. Hapo sheria ya reli ndiyo inayopima wajibu wake.

Kama ni kontena, winchi imelinyanyua na tela limebaki uwanjani, bosi wako amekwama. CMR ya 1956 inatambua tela kuwa gari, kontena haimo. Reli ikivuka mpaka unaingia kwenye CIM, kanuni za kubeba mizigo kwa reli zilizo chini ya COTIF, mkataba wa kimataifa wa reli. Na kama malori yenu hayavuki mpaka kabisa, yanakusanya na kugawa tu ndani ya nchi, CIM inaweza kuyameza nayo kama nyongeza ya safari ya treni.

Tofauti si ndogo: kikomo cha fidia kwa CMR ni SDR 8.33 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF) kwa kilo, kwa CIM ni 17. Yaani mzigo uleule, ukiharibika relini mnadaiwa hadi mara mbili. Bima yenu inajua hilo?

Mahakama zenyewe hazielewani. Uingereza mwaka 2002 ilisema CMR inashika kipande cha barabara hata safari ikiwa ya njia mchanganyiko. Mahakama kuu ya Ujerumani mwaka 2008 ikakataa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 wa usafirishaji wa njia mchanganyiko ungemaliza ubishi huu, ila haujawahi kuanza kutumika.

Sili_na_Picha
Mkuu hapo juu kamaliza sheria, mimi naongeza ya uwanjani. Ugomvi mwingi ni kwamba hakuna anayejua mzigo uliharibikia wapi. Kila kontena linapobadilisha mikono, piga picha ya namba ya sili (lakiri ya mlango), milango na pembe za chini, na dereva asisaini "safi" kama ubavu umebonyea. Uharibifu usioonekana mpokeaji ana siku 7 tu za kutoa taarifa.

Mpangaji
Asanteni sana. Ni makontena. Na ile ahadi ya hewa ukaa, niiandikeje?

MtuWaMadai
CMR na CIM hazina neno juu ya hewa ukaa, kwa hiyo msipoliandika wenyewe halipo. Taja njia ya hesabu, ISO 14083 ya 2023, na useme kama kilomita za malori zimo. Usiahidi asilimia kabla hujajua treni inavutwa kwa dizeli au umeme. Halafu weka muda wa kufika wenye nafasi: kwa kuchelewa, fidia ya CMR inaishia kwenye nauli, ya CIM inapanda hadi mara nne ya nauli.