MJADALA: Daktari bingwa wa moyo apimwe kwa mara alizonukuliwa?

Mleta mada (Ilemela)

Ndugu zangu, hili limeninyima usingizi. Juzi tulikaa kujadili nani apandishwe kuwa profesa mshiriki katika chuo kimoja hapa Mwanza. Mwenzetu mmoja akasema daktari wa moyo ambaye makala zake hazinukuliwi na watafiti wengine hajachangia kitu. Wengi wakatikisa kichwa kukubali. Mimi nakataa, na nataka mnisikie kabla hamjanipinga.

Kipimo kilichowekwa mezani kilikuwa indeksi ya h, iliyopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa walau mara 20, indeksi yako ni 20. Basi. Haiulizi makala ilihusu nini wala ulikuwa mwandishi wa ngapi. Kwenye fani ya moyo hilo ni kubwa, maana miongozo ya tiba na ripoti za mzigo wa magonjwa duniani huandikwa na makumi ya watu, wakati mwingine mamia, na kila anayeandika kuhusu moyo huzinukuu. Jina lako likiwamo humo, umepanda.

Sasa mchukueni mtoto wa Igombe. Anapata mafindofindo, hatibiwi, kinga ya mwili inapopigana na bakteria inageukia valvu za moyo wake, yaani vile vilango vinavyoelekeza damu. Miaka inapita, ndipo anaanza kuhema akipanda kilima cha Bugando. Huo ndio ugonjwa wa moyo wa rumatiki. Ulaya na Marekani ulififia katika karne ya 20, makazi yalipoboreka na penisilini ilipopatikana, na watafiti wao wengi wakahamia kwenye mishipa ya moyo iliyoziba. Makala kuhusu valvu za watoto wa Kanda ya Ziwa itanukuliwa na nani, ikiwa wenye majarida na fedha hawaugui ugonjwa huo? Uchache wa manukuu hapo unatuonyesha wagonjwa wanaishi wapi. Ubora wa kazi ni swali jingine kabisa.

Mhadhiri (Nyegezi)

Mwalimu, umeongea kwa uchungu lakini umewapa wavivu kichaka cha kujificha. Marehemu Bongani Mayosi wa Afrika Kusini alifanya kazi juu ya ugonjwa huohuo. Utafiti wa REMEDY, uliochapishwa 2015, ulikuwa na wagonjwa 3,343 kutoka vituo 25 katika nchi 14, na 12 kati ya hizo ni za Afrika. Dunia ikamnukuu. Na hapahapa kwetu, mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la vijijini Mwanza lililoonyesha kwamba kuboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takribani asilimia 40. Nani hakulinukuu? Kazi nzuri husomwa. Tukiacha namba, vyeo vitagawiwa kwa kujuana, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Muuguzi wa kliniki (Nyamagana)

Shikamooni. Mimi si mtafiti. Huo utafiti wa REMEDY anaousema Mhadhiri ulikuta kwamba ni zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa waliokuwa wakipata penisilini ya kuzuia homa ya rumatiki, ile inayoanzia kwenye mafindofindo, isirudi. Hicho ndicho tunachokiona sisi. Sindano inatakiwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka. Mgonjwa akivuka maji kutoka Ukerewe akakosa dawa safari mbili, ya tatu haji. Daktari akitutengenezea daftari la kuwafuatilia hawa, nani atamnukuu?

Mleta mada

Marahaba dada, asante sana. Mhadhiri, kuhusu kujuana umenigusa, na sitaki namba zifutwe. Lakini tazama mifano yako mwenyewe. Lile jaribio la Mwanza lilihusu VVU, ugonjwa ulioitisha dunia nzima, na lilizidi kutajwa baada ya jaribio la Rakai, Uganda, mwaka 1999 kutopata matokeo kama yale. Watu walinukuu ili wabishane. Ubishi huo ulikuwa na faida kubwa, ila unaona kwamba hesabu haitofautishi anayekubali na anayepinga. Na Mayosi alihitaji nchi 14. Daktari wetu ana mashine moja ya eko, ile ya kupiga picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na foleni ya wagonjwa inafika uani.

Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilishataka mtafiti asipimwe kwa umaarufu wa jarida. Mimi napendekeza hivi: mwombaji alete kazi zake tano, namba za manukuu ziandikwe pembeni, kisha aeleze kila moja ilibadilisha nini na wapi.

Mhadhiri (Nyegezi)

Na nani atathibitisha maelezo yake? Kila mtu atasema ameokoa maisha.

Mleta mada

Daftari la dada hapo juu. Waliosajiliwa wangapi, waliochomwa sindano kwa wakati wangapi, kabla na baada ya yeye kuanza. Mwite mtu wa chuo kingine alikague, asiyemjua. Hilo unalikubali au bado?

Mhadhiri (Nyegezi)

La mkaguzi wa nje nalikubali. Kazi tano ni nyingi, weka tatu.