Wageni wanashuka melini Mombasa, wanataka siku moja Nairobi. Wajikinge vipi na wezi wa barabarani?

NyotaKasarani
Wadau, naomba ushauri. Shangazi na mume wake (Mskoti, ana sitini na kitu) wako kwenye meli ya kitalii itakayotia nanga Kilindini Jumanne asubuhi na kuondoka Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Wenzao wataenda Fort Jesus, wao wamekata shauri kupanda treni ya SGR waje Nairobi: wafike Jumanne usiku, wazunguke tauni (katikati ya jiji) Jumatano, kisha warudi. Shangazi aliondoka nchini zamani sana na anaamini bado anaijua Moi Avenue. Mzee hutembea na kamera shingoni na simu mkononi, anafuata ramani. Mimi niko kazini mchana kutwa, kwa hivyo watakuwa peke yao. Sitaki kuwatisha, ila "muwe waangalifu" haimsaidii mtu. Nataka mambo mahususi: wapite wapi, wabebe nini, na wakinyang'anywa waanze na nini.

DerevaMsaRoad
Kwanza saa, kwa sababu ukipanga saa vibaya mengine yote hayasaidii.

Treni ya saa tisa alasiri kutoka Miritini, kituo cha SGR cha Mombasa, inaingia Syokimau, kituo cha Nairobi, giza limeshatanda. Wasiunganishe na ile treni ndogo ya kwenda tauni, maana itawashusha Railways, kituo cha katikati ya jiji, usiku na mizigo, na pale nje ndipo wezi husubiri waliochoka. Waagize teksi kwa programu ya simu wakiwa bado ndani ya kituo. Watakutana na watu wa "taxi, my friend" langoni. Wapite tu bila kujibu. Gari likifika walinganishe namba ya usajili, si rangi wala jina la gari, halafu wamuulize dereva, "Umekuja kumchukua nani?" Wasimtajie jina wao. Ambaye hajui jina siye.

Wamwambie dereva apite Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, na wakubali kulipia. Si kwa ajili ya haraka tu. Kule juu hakuna msongamano wa kusimama ovyo, wala anayeweza kukujia dirishani. Mombasa Road ya chini, hasa pale Bunyala na raundabauti ya Nyayo Stadium, gari likisimama mkono huingia dirishani na simu inaondoka. Wakilazimika kupita chini: vioo juu, milango imefungwa, simu isiwe pajani. Walale Westlands, barabara hiyo hiyo inawafikisha bila kugusa katikati ya jiji.

Kurudi: treni ya saa nne usiku ya Jumatano. Itafika Miritini alfajiri kabla ya kupambazuka, basi wakae ndani ya kituo mpaka kuche au wawe na dereva waliyempanga mapema. Ile ya Alhamisi saa mbili asubuhi wasiiguse kabisa. Inafika alasiri, na ikichelewa, halafu wakute foleni ya Changamwe, meli imekwenda. Meli husubiri abiria wa safari ilizouza yenyewe. Aliyejipeleka mwenyewe haisubiriwi. Kwenye kile kijikaratasi cha ratiba wanachopewa kila siku kuna namba ya wakala wa meli bandarini; wainakili kwenye karatasi, siyo kwenye simu tu. Na waulize kama saa ya meli inalingana na saa ya huku.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui: SGR wanakagua kitambulisho au pasipoti halisi, nakala haitoshi. Kwa hivyo hawawezi kuacha pasipoti kwenye sefu ya meli kama wageni wanavyoshauriwa kwingine. Itabidi waje nazo.

MamaKioo_CBD
Hapo juu pamesemwa vizuri. Nikiendelea na hizo pasipoti: ziingie kwenye mkanda mwembamba wa kitambaa unaovaliwa chini ya nguo, pamoja na kadi moja ya benki na pesa nyingi. Mkanda huo haufunguliwi barabarani hata mara moja. Ukiufungua mbele ya watu umeshawaonyesha pa kutafuta. Mfuko wa mbele uwe na shilingi elfu moja na mia tano au elfu mbili za noti ndogo ndogo, mia na mia mbili, ndizo za kutumia na ndizo za kutoa wakikabwa. Kadi ya meli ikae mbali na pasipoti, na isiandikwe namba ya chumba.

Sasa tauni. Upande wa KICC (lile jumba refu la mikutano), Parliament Road, City Hall Way na Kimathi Street mchana kunatembeleka vizuri. Ukivuka Moi Avenue kwenda Tom Mboya, kisha Ronald Ngala na River Road, msongamano unakuwa mzito na huko ndiko mifuko huguswa. Si kwamba ni jehanamu, maelfu hupita kila siku, lakini mgeni mwenye kamera hana shughuli huko. Masoko ya Muthurwa na Gikomba wayaache. Archives (Nyaraka za Taifa) wanaweza kuingia, ni jengo zuri, ila uwanja ulio mbele yake ni wa kupita, si wa kusimama. National Museum waende kwa gari. Kwa macho ni karibu na University Way, kwa miguu lazima upite raundabauti ya Globe, na Globe haifai kwa mgeni.

Mwizi wa Nairobi hamtafuti tajiri. Anamtafuta aliyesimama. Anayetazama ramani pembeni mwa barabara, anayehesabu chenji, anayepiga picha jicho moja limefumba. Kwa hivyo sheria ni moja: kuamua kunafanyika ndani ya jengo. Wakitaka kuangalia njia waingie benki, supamaketi au hoteli, wageuzie ukuta mgongo, waangalie kona mbili zinazofuata, simu irudi mfukoni, watoke.

Kuhusu pikipiki. Huwa ni wawili, wa nyuma ndiye anayenyakua. Magari yetu yanakwenda kushoto, basi watembee kando ya kulia ya barabara ili magari yawajie usoni, wabane upande wa majengo, na mkoba uwe upande wa ukuta. Si kinga kamili, maana bodaboda hupanda hata njia ya miguu, lakini anayekujia mbele unamwona. Mkanda wa mkoba uliopita kifuani unafaa kwenye umati. Kando ya barabara kubwa una hatari yake: ukivutwa na pikipiki unakuburuta. Ukihisi mvuto, achia. Cheni, hereni ndefu na saa ya kung'aa zibaki melini. Hereni hung'olewa pamoja na sikio.

Halafu kuna maigizo, na haya ndiyo yanayowapata wageni kuliko nguvu:

Kwenye matatu jirani anakuhimiza, "Funga mkanda, polisi wako mbele." Mkanda umekwama makusudi. Unahangaika nao kwa mikono miwili, naye anahangaika na mfuko wako. Au anatandaza gazeti juu ya mapaja yenu. Dawa ni kushuka stegi inayofuata, bila kelele.

Barabarani bahasha inaanguka, mtu anaiokota na kunong'ona mgawane kichochoroni. Endelea kutembea.

Ya tatu ni ya kistaarabu zaidi. Kijana nadhifu anaanza mazungumzo: unatoka wapi, mimi ni mwanafunzi, nimekimbia vita, nakwenda kusoma kwenu. Mnakaa kwa chai, unampa chochote au humpi. Akishaondoka wanakuja wanaume wawili watatu wanaosema ni polisi, wanadai umefadhili magaidi na wanataka "faini" hapo hapo. Asitoke nje ya mkahawa nao. Aseme kwa sauti kwamba atakwenda Central Police Station kwa miguu, na amwombe mwenye mkahawa amwite mlinzi. Wa bandia hawapendi safari hiyo. Vivyo hivyo kwa kanjo (askari wa jiji) wa bandia wanaomkamata mgeni kwa kuvuta sigara barabarani. Kosa lenyewe lipo kisheria, kwa hivyo mzee kama anavuta asivute njiani, lakini faini halali hailipwi mkononi.

Ikikaribia saa kumi na mbili jioni wawe wameshamaliza. Daraja za miguu na vichochoro giza likiingia ni mahali pa ngeta, na ngeta haikupi nafasi ya kujadiliana: mkono shingoni kutoka nyuma, mwingine anapekua, sekunde chache. Asipigane. Anayepigana ndiye anayeumia koo.

BabaBuru58
Mimi naona mnajisumbua. Kutoka Syokimau, Nairobi National Park iko karibu. Waingie pale kwenye gari la watalii asubuhi, watoke mchana, tauni waione kutoka Expressway. Simba hanyakui simu.

MamaKioo_CBD
Baba Buru, shangazi anarudi kwao, si mtalii. Ukimwambia aione Moi Avenue kwa kioo atapanda matatu kwa hasira. Afadhali afundishwe.

FundiLuthuli
Mmesahau kitu kinachouma kuliko simu yenyewe: laini. Shangazi bila shaka ana laini ya Safaricom yenye M-Pesa. Mwizi anayejua kazi haipeleki simu dukani kwanza, anatoa laini, anaitia kwenye simu nyingine na kuanza kupokea namba za siri za benki na barua pepe. M-Pesa inaruhusu mpaka shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, na hata kama hamna kitu kuna Fuliza na mikopo mingine anayoweza kujaribu.

Wafanye haya wakiwa bado melini, yanachukua nusu saa:

Waweke PIN ya laini yenyewe, hiyo ni tofauti na ya kufungulia simu. Iko kwenye mipangilio ya usalama. Kabla ya kuiwasha watafute namba ya PUK, ile ya kufungulia laini iliyojifunga, maana PIN ikikosewa mara tatu laini inajifunga, na PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa. Baada ya hapo laini ikihamishiwa simu nyingine haifanyi kitu.

Kitambulisho kisikae kwenye kava la simu. Wakenya wengi hufanya hivyo, na ni sawa na kumkabidhi mwizi majibu ya maswali atakayoulizwa.

Kwa iPhone wawashe Stolen Device Protection; ipo tangu iOS 17.3 ya Januari 2024. Ukiwa mbali na nyumbani, kubadilisha nywila ya akaunti kunadai uso au kidole na kusubiri saa nzima. Kwa Android kuna Theft Detection Lock: simu ikihisi imenyakuliwa na kukimbizwa inajifunga skrini. Hii ni muhimu kwa sababu wanaonyakua hupenda simu iliyo wazi mkononi. Pia wazuie ile paneli ya kuvuta skrini ikiwa imefungwa, la sivyo mwizi anaweka hali ya ndege na huwezi kuifuata tena. Ujumbe usisomeke kwenye skrini iliyofungwa.

Wapige *#06# na kuandika IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenye karatasi. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, waandike zote.

Ikishaibiwa, mpangilio ni huu. Laini kwanza: 100 kutoka laini ya Safaricom ya mtu mwingine, au 0722 002 100 kutoka mtandao wowote. Wafunge laini na M-Pesa, wawe tayari kutaja namba ya kitambulisho. Pili benki. Tatu wafunge simu kwa mbali. Wasikimbilie kufuta kila kitu, maana Android ikishafutwa haionekani tena kwenye ramani. Na simu isiondolewe kwenye akaunti ya mwenyewe hata baada ya wiki. Utakuja ujumbe wa kusema simu imepatikana, bonyeza hapa uweke nywila. Huyo ni mwizi anaomba ufunguo.

Wasiifuate kwenye ramani wenyewe, hata kama inaonyesha mlango.

NyotaKasarani
Asanteni sana. Kamera je? Mzee hawezi kuiacha. Na polisi waende saa ngapi, kabla au baada ya kufunga laini?

FundiLuthuli
Baada. Kufunga laini ni dakika tano, kituoni ni foleni. Lakini waende siku hiyo hiyo, kampuni nyingi za bima hudai taarifa ndani ya saa 24. Wapewe namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) na abstrakti, yaani hati ya taarifa ya polisi, na IMEI na namba ya kamera ziandikwe humo. Wakichukuliwa pasipoti, abstrakti hiyo hiyo ndiyo watakayoulizwa ubalozini, na wampigie wakala wa meli mapema, kabla ya kwenda Syokimau. Dharura ni 999 au 112.

MamaKioo_CBD
Kamera ikae kwenye mfuko wa kawaida wa kitambaa, usio na jina la kampuni ya kamera (mfuko wa plastiki asije nao, ulipigwa marufuku 2017). Aitoe juu ya KICC, kule atapiga jiji lote na hakuna wa kumkimbiza. Akishuka chini irudi mfukoni kabla hajafika mlangoni.