Kuuza nyumba Malindi: karatasi gani zimebaki?

Mkaazi wa Shela: Assalamu alaikum. Nauza nyumba Shela, Malindi, na mnunuzi ananiharakisha. Hatimiliki, kitambulisho na PIN ya KRA (namba ya mlipakodi wa Kenya) ninazo, na dalali ameshaniletea cheti cha kodi ya ardhi. Kimebaki nini? Usingizi sipati.

Bandarini: Waalaikum salaam. Serchi rasmi mpya (taarifa ya msajili wa ardhi kuhusu mwenye hati), si ya mwaka jana. Cheti cha reti, yaani kodi ya kaunti, cha Kaunti ya Kilifi. Deni la nyuma hulipwa lote ndipo kitoke. Idhini ya mke kwa maandishi, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Picha za pasipoti. Amana ya mnunuzi kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, na ikae kwa wakili.

Mwamba: Ushuru wa stempu ni juu ya mnunuzi, asilimia 4 mjini. Juu yako ni kodi ya asilimia 15 ya faida, tangu Januari 2023. Ukiwa umeishi humo miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza, umesamehewa.

Bandarini: Hati ina jina la nani?

Mkaazi wa Shela: La marehemu baba. Lakini ndugu wote wameridhia kwa mdomo, hata dada aliyeko Maskati. Amana nimeshapokea. Mama ataka matibabu, mahakama siwezi kuingoja.

Bi Zaituni: Mwanangu, mche Mungu. Mama ana thumuni yake, moja ya nane, na dada nusu ya fungu lako. Ridhaa ya simu haigawi mirathi.

Kijiti: Kisa hiki mimi sikiamini. Hati ni ya milki huru, isiyo na mwisho, au ya kukodishwa kwa miaka maalumu?

Mkaazi wa Shela: Milki huru.

Kijiti: Milki huru hailipi kodi ya ardhi, hiyo ni ya ardhi ya kukodishwa! Cheti kimetoka wapi? Wewe ni mrithi, au ndiwe dalali?

Mkaazi wa Shela: Wallahi ni mrithi. Cheti nilimlipa dalali.

Bandarini: Basi umeuziwa karatasi tupu, usimwoneshe mnunuzi. Na uuzaji usimame: kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinafanya kosa kugusa mali ya marehemu bila idhini ya kisheria. Nenda Mahakama ya Kadhi, Malindi, na cheti cha kifo, serchi, na barua ya chifu inayotaja warithi wote. Akiachwa mmoja, pingamizi lake litarudisha kesi nyuma. Dada aape mbele ya mthibitishaji hukohuko Oman. Usimamizi wa mirathi ukitolewa, kuthibitishwa huchukua miezi 6, ila kwa hali ya mama omba mapema. Mahakama inaweza kuruhusu. Ndipo msajili wa ardhi aandike jina la msimamizi, na uhamisho ufuate. Amana irudishe leo.

Mkaazi wa Shela: Nusu yake imeshakwenda hospitali.

Bandarini: Iliyobaki mpe wakili, na mnunuzi aambiwe ukweli kwa maandishi.