Kiwanda cha mbao Mafinga: maziwa yanazuia vumbi?

Mchana_Mbao:
Wakuu, kiwandani kwetu sera ya afya ni maziwa nusu lita kwa kila mtu "kusafisha vumbi", na posho kwa asiyekosa kazi hata siku moja kwa mwezi. Watu bado wanakohoa. Tuanzie wapi?

Usalama_Nyanda:
Mkuu, maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko mapafuni. Ni chakula kizuri, basi. Anzeni na msumeno wenyewe: fungeni kifyonza vumbi karibu kabisa na meno yake. Pigeni marufuku kufagia pakavu (nyunyizeni maji kwanza) na kujipuliza nguo kwa kompresa. Vumbi laini hukaa hewani muda mrefu. Barakoa ziwe N95, yaani zile zinazobana uso na kuchuja vumbi laini. Zile za hospitali huvuja pembeni, na hata N95 haikai vizuri penye ndevu.

Sisimba_Mbeya:
Mimi naona hiyo posho ndiyo balaa. Mgonjwa anajikongoja kazini asiikose, anaambukiza wenzake au anasinzia mbele ya msumeno. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 mshahara kamili, 63 nusu. Cheti cha daktari lazima.

Usalama_Nyanda:
Masikio je? Ukilazimika kupaza sauti kwa mtu aliye mita moja, kelele huenda imepita desibeli 85, kiwango cha kuharibu masikio ukikaa nayo zamu nzima kila siku. Pimeni usikivu kabla mtu hajaanza kazi, kisha kila mwaka, asubuhi kabla ya zamu. Baada ya zamu masikio yamechoka, majibu yatawadanganya.