Kutunga shairi kwa kuziba maneno ya gazeti: maka inapenya, ngeli hazipatani

Mkaazi wa Kibokoni: Salaam nduzangu. Naziba habari ya gazeti kwa maka nyeusi (kalamu ya wino yenye ncha nene), nabakisha maneno ya shairi tu. Wino unapenya hadi nyuma, karatasi yachanika, na maneno yaliyobaki hayapatani ngeli. Nirekebishe nini?

Wino Mbichi: Karatasi ya gazeti hunywa wino, na unyevu wa Mombasa huzidi kuilegeza. Toa kopi kwenye karatasi ya gramu 80. Ukiharibu, unatoa nyingine. Ukitaka gazeti lenyewe, tumia krayoni nyeusi: nta haipenyi. Zungushia maneno yako kwa kalamu yenye ncha ya milimita 0.5, ikauke, ndipo ujaze kwa maka, kadibodi ikiwa chini. Usirudie mahali palipo pabichi, hapo ndipo panapochanika.

Mpenda Mizani: Kalamu ni jambo dogo. Shida kubwa ni kubakisha neno zima. Kiswahili hubeba ngeli ndani ya kitenzi, basi ziba silabi, si maneno. Chukua sentensi kama hii:

Bandari ya Kilindini imefungwa leo

Kwenye "Bandari" bakisha "banda". "Ya" iende. Ndani ya "Kilindini" bakisha "li" peke yake. Kwenye "imefungwa" ziba "i" ya mwanzo. Yasomeka: *banda limefungwa leo*. Ngeli imekaa sawa, na ukihesabu ni mizani 8, yaani silabi 8, kipande kizima (nusu ya mstari) cha shairi! Ungebakisha "banda imefungwa", sikio lingekataa papo hapo.

Fanya yote kwa penseli kwanza, usome kwa sauti. Tafuta mapema vipande vya "li", "ya", "ki", "vi", maana ndivyo vinavyoadimika unapovihitaji.

Mkaazi wa Kibokoni: Ahsanteni sana. Na kipande ninachokitaka kikiwa mstari wa juu, nishapita?

Mpenda Mizani: Acha njia nyeupe nyembamba, milimita 2 hivi, itoke silabi hadi silabi, jicho litaifuata hata ikipanda. Lakini isizidi moja kwa ukurasa, msomaji asije akapotea. Vina navyo usivilazimishe. Habari moja ya gazeti ni nadra kukupa vina vinne vya mwisho vilivyo safi. Afadhali mizani iliyotimia.

Wino Mbichi: Njia hiyo ichore kwa penseli kabla ya maka. Ukishaziba, hairudi.