Uzazi unashuka, mbona idadi ya Watanzania bado inapaa?

Kaskazi22
Wakuu, naomba ufafanuzi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 44,928,923, ya 2022 ikakuta 61,741,120. Papo hapo tunaambiwa wanawake wanazaa watoto wachache kuliko zamani. Hayo mawili yanakaaje pamoja? Na huko kwenye uzazi wa mpango, hasa kinakwama nini?

HesabuKali
Hayagongani. Gawa 61.74 kwa 44.93, unapata 1.374. Usichukue hiyo 37% ukaigawa kwa 10. Ongezeko hujilimbikiza kama riba, kwa hiyo kasi halisi ni 3.2% kwa mwaka. Sasa tumia njia ya mkato ya kujua miaka ya kuwa mara mbili, yaani 70 gawa kwa kasi ya mwaka. Gawa 70 kwa 3.2: miaka kama 22 na idadi imekuwa mara mbili. Kasi isiposhuka, 2044 tuko milioni 123.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wastani ulikuwa zaidi ya watoto 6 kwa mwanamke. Utafiti wa 2022 ulipata 4.8. Lakini wanaozaa leo ni wale waliozaliwa wastani ukiwa juu, nao ni wengi. Kina mama 100 wakizaa 6 kila mmoja ni watoto 600. Kina mama 200 wakizaa 4.8 ni 960.

DirishaLaDawa
Nijibu la pili. Kwanza ni stoo. Wanawake 300 wa sindano ya miezi mitatu wanahitaji dozi 100 kwa mwezi. Dawa zikikosekana siku 15, zitatoka 50 tu. Mtunza stoo akiagiza kwa kuangalia hizo 50, mwezi ujao upungufu unarudi palepale. Agawe 50 kwa siku 15 zilizokuwa na dawa, azidishe kwa 30.

Pili, aliyechelewa sindano. Mwongozo wa WHO unaruhusu kumchoma hadi wiki 4 baada ya tarehe yake. Kumwambia "rudi ukiwa kwenye siku zako" ni kumwandalia mimba.

Tatu, vijiti vya kuzuia mimba vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Kuweka ni rahisi, kutoa kunahitaji ganzi, kisu na mkono uliozoea. Mwanamke akisikia jirani yake kazungushwa vituo vitatu atolewe, hakubali kuwekwa ng'o.

Na maelezo yatolewe KABLA. Sindano huvuruga hedhi: matone miezi ya mwanzo, baadaye inaweza kukata kabisa, na hakuna damu inayoganda tumboni. Akiacha, mimba inaweza kuchelewa miezi kumi hivi. Asiyeambiwa hili ndiye anayetangaza mtaani kwamba sindano inafunga kizazi.

Kaskazi22
Shukrani mkuu. Ila Kenya wao wamewezaje? Na suala la umri wa kuolewa lina uzito, au ni siasa tu?

HesabuKali
Kenya walikuwa karibu na watoto 8 mwishoni mwa miaka ya 1970. 2022 wakawa 3.4. Huko 57% ya walioolewa wanatumia njia za kisasa, kwetu 31%. Pengo kubwa ni hapo.

Umri una uzito hata idadi ya watoto isipobadilika. Mabinti wakianza kuzaa na miaka 17, ndani ya miaka 51 kuna vizazi vitatu. Wakianza na 25, katika miaka 50 ni viwili. Ndiyo maana kile kifungu cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinachoruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, ambacho Mahakama ya Rufani ilikiona kinakiuka Katiba mwaka 2019, ni jambo la takwimu pia.